Idi ya Watu Watatu

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka huisukuma sahani pembeni. Ilikuwa Idi ya kufungua Ramadhani, miaka michache kabla Mdachi hajaipiga Bagamoyo kwa mizinga. Nilikuwa barobaro, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, na nguvu ninazo za kubeba gunia la mpunga kutoka Makurunge mpaka mjini bila kulitua njiani. Nasema hivyo nisije nikadhaniwa nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilielewa.

Nakuandikia kwa sababu ya Idi iliyopita na jinsi mlivyonikimbia. Nitafika huko, sijasahau. Kwanza nikupe habari za watu wangu, maana najua mama yako hapendi zisemwe mbele ya wakwe.

Baba yangu aliitwa Mabruki. Mama yangu aliitwa Zafarani. Mtu wa pwani akiyasikia majina hayo anajua mara moja: ni majina ya watu waliopewa jina na mwenye mali. Baba alizaliwa uani kwa Mwarabu mmoja mwenye mashamba ya minazi. Mama alikuwa Mzigua, alichukuliwa mdogo huko njia ya Mkange akaletwa mjini, hata jina la kijiji chao hakulijua. Yule Mwarabu mzee, alipoona roho inamtoka, aliwaita baadhi ya watu wake mbele ya mashahidi akawaacha huru kwa ajili ya Mungu. Baba na mama walikuwamo. Mimi na dada yangu Chausiku tulizaliwa baada ya hapo. Kwa hiyo mimi sikuwa mtumwa wa mtu hata siku moja, na wako watu katika mji huu mpaka leo wanapenda kunong'ona vingine. Waache wanong'one. Nyumba zao ninazijua, na paa zao zinavuja.

Lakini uhuru wa siku zile ulikuwa na kamba ndefu. Nyumba yetu ya udongo na makuti ilisimama juu ya kiwanja cha marehemu. Marehemu aliacha mtoto, Bwana Hemedi, na Bwana Hemedi alikuwa na mke, Bibi Salama. Hawakutupiga. Hawakututukana. Siku za kawaida hata hawakutukumbuka. Ila ikifika Idi walitukumbuka, na sisi tulijua kwamba tumekumbukwa.

Desturi ilikuwa hivi. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, watu wote wa nyumba ile, walio watumwa na walioachwa huru, walikwenda kwa Bwana. Wanaume tulimpa shikamoo barazani. Nyie leo mnaisema shikamoo kwa kila mwenye mvi, na ni vizuri, lakini zamani ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, nashika miguu yako, wala waungwana kwa waungwana hawakusalimiana hivyo. Baada ya salamu tulizunguka nyuma kuchinja, kupasua kuni na kuteka maji. Wanawake waliingia jikoni. Wageni wa Bwana walikula kwanza, kisha watoto wa ndani, kisha sisi uani, kilichobaki. Jua likishuka Bwana Hemedi alitoka na kutugawia nguo, doti la amerikani, kitambaa cheupe cha pamba, kwa kila mtu mzima, akatutakia heri. Tukirudi kwetu tulikuta jiko letu lina majivu ya jana. Mimi nimekua mpaka kubalehe bila kujua nyumba yetu inafananaje mchana wa Idi.

Basi mwaka huo, mwezi wa Ramadhani ulipoandama, baba alisema neno. Mama alikuwa akipeta mchele.

"Mwaka huu Idi tunakula hapa."

Ungo ukasimama. "Hapa wapi?"

"Hapa kwako, Zafarani."

"Na kule?"

"Kule wana watu."

Mama akautazama mchele kama mtu anayetafuta chawa. "Kiwanja hiki si chako, Mabruki."

"Kiwanja si changu. Mtu aje anionyeshe kwamba hata Idi si yangu."

Hayo ndiyo maneno yote. Baba hakuwa msemaji, na mimi nimemrithi hapo, ingawa leo utaona naandika kama mwehu.

Ramadhani ile, mwanangu, ndiyo Ramadhani nzuri kuliko zote nilizofunga. Baada ya alasiri, njaa inapokuwa kali, sote tulikaa ukumbini kila mtu na kazi yake mkononi, na tukasahau njaa. Baba alikuwa mshona kofia. Kofia zake nyeupe, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, zilivaliwa na watu wakubwa wa mji, na yeye mwenyewe hakuwa na kofia ya kuvaa mbele yao. Mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana. Aliyeachwa huru alikuwa na ruhusa, hakuna sheria iliyomkataza, lakini adabu ya mji ilimtaka akifika barazani aivue, aikunje, aitie kwapani. Mwaka huo baba alikuwa anashona kofia ya kichwa chake. Aliipima kwa kamba, akajizungushia kipajini, akacheka peke yake.

Mama alikuwa anasuka mkeka. Si jamvi la kuanikia mpunga, mkeka wa rangi hasa. Alichemsha ukindu kwa mizizi ya mdaa ukawa mweusi, mwingine akautia rangi nyekundu ya dukani kwa Mhindi, akasuka ukili mrefu akiuviringa kama nyoka aliyelala, kisha akaanza kuunganisha. Mwanzo alisuka shingo upande, kwa hofu. Siku zilivyokwenda nilimwona anainuka, anarudi nyuma hatua, anainamisha kichwa na kuutazama. Mwishowe alikuwa anagomba tukiukanyaga. Chausiku, aliyekuwa na umri wa kuolewa na ulimi wa mke mwenza, alisuka kawa la kufunikia chakula. Mimi nilipata kipande cha gogo la mfenesi nikachonga chano kwa tezo, sahani kubwa ya mti ya kulia watu wengi. Kilitoka kimepinda upande mmoja.

Chausiku alisema, "Kaka, hicho mchuzi wote utakwenda kwa atakayekaa upande wa mlango."

"Basi kaa upande wa mlango," nikamwambia.

Jirani zetu walipita wakatazama. Wengi wao walikuwa watu kama sisi, wa nyumba ile ile ya Bwana Hemedi. Aliyekuja kila siku alikuwa Uledi, rafiki wa baba tangu utoto wao uani. Uledi alikuwa mpagazi, amebeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka bega lake moja likawa na nundu, na alikuwa na mdomo wa kuchekesha hata maiti. Alikaa, akaigusa kofia, akaugusa mkeka, akasema, "Mabruki, siku hiyo usinipakulie. Niachie sufuria, nyie mle kwenye hicho chano cha mtoto wako kilichopinda."

"Utakuja?" baba akauliza.

"Nisije nina wazimu? Nani mwingine katika mji huu atanikaribisha Idi nikae mkekani kama mtu?"

Na shoga yake mama, Bi Tausi, naye aliahidi. Na wengine, waume kwa wake, walisema inshallah kwa namna ambayo mtu ukiisikia unaongeza mchele. Mama akaongeza mchele. Baba akatafuta mbuzi, akampata Makurunge, nikamleta mwenyewe kwa kamba.

Asubuhi ya Idi tulikwenda kusali. Baba alivaa kanzu safi na kofia yake. Ilimkaa vizuri, na najua ilimkaa vizuri kwa sababu watu waliokuwa wanamjua walimtazama kichwani kwanza, usoni baadaye. Baada ya sala Bwana Hemedi alisimama nje ya msikiti na joho lake, watu wanampa mkono. Sisi wa kwake tulijipanga kama kawaida. Mbele yetu nikaona kofia zinavuliwa, moja moja, zinakwenda kwapani. Zamu ya baba ilipofika hakuvua.

Akanyoosha mkono akasema, "Subalkheri, Bwana Hemedi. Idi mubaraka."

Subalkheri ilikuwa salamu ya muungwana kwa muungwana.

Bwana Hemedi akautazama mkono, akaushika, akatabasamu. Akasema, "Marahaba."

Yaani alimjibu salamu ambayo hakupewa. Waliokuwa karibu wakacheka kidogo, kicheko cha puani. Baba akasema, "Leo nina wageni nyumbani, bwana, ndiyo maana hutatuona." Bwana Hemedi akasema, "Vizuri sana, Mabruki. Wageni ni baraka." Kisha akamgeukia aliyefuata. Hakukasirika. Mwanangu, katika maisha yangu nimeshughulika na Waarabu, Wahindi, Wadachi na Waingereza, na ninakwambia mwenye nguvu anayekasirika si wa kuogopa sana.

Tukarudi nyumbani. Mama alikuwa ameshapika: wali wa nazi, mchuzi wa mbuzi, na maandazi juu yake. Mkeka umetandikwa ukumbini, mweusi na mwekundu, na ukumbi wetu ule wa udongo ukaonekana kama chumba cha watu wengine. Tukakaa pembeni, hakuna aliyekanyaga katikati, tukangoja wageni.

Tukangoja. Chausiku akafunika chakula kwa kawa lake. Watoto walipita barabarani na nguo mpya, tukasikia ngoma mbali, tukasikia watu wakisalimiana. Kila nyayo ikisogea mlangoni baba alijiweka sawa, na nyayo zikapita. Mama akainuka mara kadhaa kufunua na kufunika. Mchuzi ukaanza kuganda mafuta ukingoni.

Mwishowe akaja Bi Yakuti, mpishi mkuu wa kwa Bwana Hemedi, mwanamke mzee, yeye hakuachwa huru. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Zafarani, Bibi Salama anakuuliza: mchuzi wa leo autie chumvi nani?"

Baba ndiye aliyejibu. "Mwambie Bibi, Zafarani ana wageni."

Bi Yakuti akaingiza kichwa, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Wageni gani, Mabruki? Mimi nawaona kuku."

"Uledi yuko njiani," baba akasema.

"Uledi yuko uani kwetu anapasua kuni. Bwana mwaka huu kagawa nguo asubuhi, kabla ya chakula. Na si amerikani. Kaleta kaniki nzito na kisutu kwa wanawake. Uledi doti lake analo begani, pale pale penye nundu." Kisha akalegeza sauti, akasema na mama kama mwanamke kwa mwanamke. "Tausi yuko anakuna nazi. Wote wako. Pahala pako ndipo pamebaki wazi, mwenzangu, na Bibi amepaona."

Baba akasema, "Kaa, Zafarani."

Mama alikuwa ameshasimama. Hakumtazama mtu. "Nikikaa leo, kesho utakaa wapi wewe na watoto hawa?"

"Tutakaa papa hapa."

"Hapa pa nani?"

Jibu baba alilijua tangu siku ya ungo.

Kisha mama akafanya jambo ambalo sijalimeza mpaka leo. Aliinama, akashika ncha ya mkeka, akaanza kuukunja. Tulikuwa pembeni, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa, hakukuwa na mtu juu yake. Chausiku akasema, "Mama, huo ni wetu." Mama akasema, "Siwezi kwenda mikono mitupu, nimechelewa." Akaukumbatia ule mkeka, na kisutu kichwani, akatoka nyuma ya Bi Yakuti. Sisi tukabaki tumekaa kwenye udongo, pale ambapo palikuwa na rangi.

Nilitaka kutoka. Nilikuwa na tezo langu mkononi, sikumbuki nimelishika saa ngapi, na nilikuwa namwendea Uledi. Baba akasema, bila kuinua sauti, "Kaa chini. Mtu haombi kuliwa chakula chake kwa tezo." Akamwambia Chausiku, "Pakua."

"Baba, kimepoa."

"Pakua."

Tukala watu watatu. Chano kilikuwa cha watu wengi, tukakaa mbalimbali, mkono wa mmoja haugusi wa mwingine. Mafuta ya mbuzi yaliganda midomoni. Chausiku alikula akilia, na mchuzi ulikwenda upande wa mlango kama alivyosema. Baba hakuvua kofia. Alikula polepole, tonge baada ya tonge, mpaka nikaona kwamba hali kwa njaa, anakula ili isisemwe kwamba Idi haikuliwa nyumbani kwa Mabruki.

Jioni mama akarudi. Alikuwa na doti jipya la kisutu na bakuli la wali wa kwa Bwana, na alinukia moshi wa jiko la watu. Akasema, "Hamjambo." Mimi nikageuza uso ukutani. Hapo ndipo baba alipokemea, na hakumkemea mama, alinikemea mimi.

"Mwitikie mama yako. Alipokwenda kule hakwenda kwa tumbo lake. Ukiwa na hasira, ipeleke kunakostahili, na kama huwezi kuipeleka kule, usije kumtupia aliye karibu kwa sababu ya kuwa yuko karibu."

Nikamwitikia. Maneno yale nimeyabeba maisha yangu yote, na yamenizuia kupiga mke. Wengi wa rika langu hawakuzuiwa.

Kesho yake Uledi alikuja. Alikaa kizingitini, mcheshi wa mji mzima, akichora chini kwa kidole. Mwisho akasema, "Mabruki, doti ni doti. Wali wako ningeweza kuula hata leo."

Baba akasema, "Leo si Idi."

"Umekasirika."

"Sikukasirika. Ungeniambia huji, Uledi. Ningepika kidogo."

Baba alimsamehe, wakaendelea kuvuta kiko pamoja. Mimi sikumsamehe. Amekufa zamani, na nilikwenda kumzika, nikamtupia udongo kwa mkono huu, na bado sikumsamehe. Usinifundishe dini hapo, naijua. Mimi nilisoma juzuu ya kwanza tu kwa mwalimu, lakini najua kilichoandikwa juu ya kusamehe, na Mungu ananijua.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho ninachotaka ukichukue. Kabla Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, haijafika, Bwana Hemedi alimwita baba. Nilikwenda naye. Barazani, chini ya watu wawili watatu waliokaa kunywa kahawa, ulitandikwa mkeka wa mama. Bwana Hemedi akasema kwa upole, sauti ya asali, "Mabruki, kile kiwanja nimempa mwanangu, anaoa. Wewe siku hizi una wageni wengi, hukosi atakayekukaribisha."

Basi. Alijibu baada ya miezi miwili neno aliloambiwa msikitini. Mama alikwenda, mkeka akautoa, jikoni akaungua moshi, na nyumba ikaondoka vile vile kama tungekaa tukala.

Tulibomoa wenyewe, kwa kuwa miti na milango ilikuwa yetu. Baba alikuwa juu ya paa anafungua kamba za makuti, mama chini anayapokea. Akasema kutoka kule juu, taratibu, kama anayezungumza juu ya mvua, "Zafarani, tungalijua, tungaliila ile nyama ingali moto."

Mama akaweka makuti chini. Akakaa juu yake. Akasema, "Mimi nilijua, Mabruki. Nilijua haitatusaidia kitu. Miguu ndiyo haikujua."

Tukahamia Zinga, porini wakati ule, nguruwe na manyani. Baba hakuishi kuona Idi nyingi huko. Mama aliishi, lakini mkeka wa rangi hakusuka tena, alisuka majamvi tu. Mimi nikalima, nikapanda minazi, nikauza mbata, nikabeba mwenyewe mpaka nikapata punda, na punda mpaka nikapata gari la ng'ombe. Nyumba hii ya mawe unayoiona, na kiwanja chake, na cha pili yake, hakuna mtu aliyenipa. Sikurithi hata kigingi. Najivuna, ndiyo. Nani ajivune badala yangu?

Na nyumba hii niliijenga kwa ajili ya siku moja katika mwaka. Nilitaka ukumbi ambao mchana wa Idi utajaa watu wangu, wanaokula, wanaotaniana, na kabla ya Idi wanakaa mwezi mzima kila mmoja na kazi ya mikono yake, huyu anashona, huyu anasuka, huyu anachonga, si kwa kuuza, ni kwa ajili ya siku hiyo tu. Ndiyo maana nilikufundisha kushika tezo. Ulikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Umeacha, unasema vumbi la mti linaingia katika nguo za ofisini.

Idi iliyopita mama yako alipika tangu alfajiri. Wadogo zako walipanda lori kwenda Dar es Salaam kutazama tarumbeta za askari. Ni vijana, wamerudi na vumbi na miguu inauma, tusiwaseme sana. Lakini wewe, karani, mkubwa wao, mtu mwenye watoto, ulivaa kanzu ukaenda kumpa mkono wa Idi mzungu wako. Ulisimama kibarazani kwake mpaka adhuhuri kwa sababu alikuwa amelala. Ukarudi na bati la biskuti, ukaliweka mbele yangu, unataka nifurahi.

Mwanangu, babu yako aliitwa akakataa. Wewe hukuitwa, ukaenda.

Nilikula na mama yako. Aliniuliza tu kama chumvi imetosha.

Ninachokuusia ni hiki, na sitakipamba. Siku ya Idi kaa kwako. Mwenye nguvu atakaye kukuondoa kazini atakuondoa hata ukimpelekea mkono kila mwezi, na asiyetaka hatakuondoa. Kwa hiyo usimnunue kwa siku ambayo ni ya watoto wako. Mpelekee salamu kesho yake, hatakufa. Mtu akikualika kwake, nenda, au mwambie usoni huendi, umpunguzie mchele. Usimwache akisikiliza nyayo. Mke wako akiitwa jikoni kwa watu siku hiyo, usimlaumu yeye, jilaumu wewe uliyeshindwa kumpa pa kukaa, kisha upatafute. Na chakula kikiwa tayari, kula. Usitazame mlango. Aliyepo ndiye mgeni wako, hata akiwa ni mtoto mmoja na bibi kizee asiyesikia.

Na mikono yako irudishe kazini. Ofisi itakuchoka siku moja, itakutoa na karatasi. Kitu ulichokitengeneza wewe kwa ajili ya kuwafurahisha watu wako, hata kikiwa kimepinda, hakina bwana.

Sina zaidi. Mungu akupe mlango ambao ni wewe peke yako unayeufunga na kuufungua. Akupe watu wa kula nao, wenye njaa na wenye mdomo mrefu, wanaogombania kipande cha mafuta. Na mwaka wasipokuja, akupe moyo wa kula peke yako, chakula kikiwa moto, bila kuona haya. Amina.